Nimepima kopo la babu wa kahawa kwenye mizani ya Mangi, sasa najua kwa nini silali

Mtaa wa Pili (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naanza na aibu yangu. Miezi kama minne hivi nilikuwa napata usingizi saa nane, saa tisa usiku. Saa kumi na mbili asubuhi niko kituoni nasubiri daladala, mchana kazini nasinzia kama kuku mwenye kideri. Mama watoto akasema nina mawazo. Mama mkwe akasema nimetupiwa jicho. Mimi nikamlaumu jirani na spika zake. Kahawa hakuna aliyeigusa, maana kahawa yangu ni ya kijiweni, kile kikombe ambacho kikikaa kiganjani hakionekani. Kikombe kama kile kimnyime usingizi mtu mzima mwenye kilo 80?

Ratiba yangu ni ya wengi humu. Nikitoka kuswali Isha naenda barazani. Bao linapigwa, siasa inachambuliwa, Simba na Yanga wanagombezwa, na babu wa kahawa anajaza. Vikombe sita na kashata mbili. Siku timu yangu ikifungwa, vinane. Saa tatu na ushee naaga.

Jumapili iliyopita nikamfuata babu mapema, kabla wateja hawajajaa. Nikamuuliza birika lake linachukua maji kiasi gani. Akanitazama kama nimetumwa na halmashauri. Nilipomweleza kwamba ni habari ya usingizi wangu, akacheka mpaka koleo la makaa likamtoka mkononi. Birika ni lita tatu. Unga anaupima kwa kopo la maziwa mazito, moja, la kurundika. Kahawa yenyewe ni mchanganyiko: ya Moshi kidogo kwa ajili ya harufu, ya Bukoba nyingi kwa sababu bei yake inamwachia chochote mfukoni.

Nikaazima kopo likiwa limejaa, nikalifunika kwa gazeti, nikaenda nalo kwa Mangi dukani kuomba mizani ya sukari. Mangi akauliza nauza shilingi ngapi. Ukitoa uzito wa kopo tupu, unga ulikuwa gramu 150.

Sasa hesabu. Arabika, ile ya Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, ina kafeini, ile inayofukuza usingizi, kama asilimia 1.2 ya uzito wake. Robusta, ambayo ndiyo kahawa kubwa ya Kagera, inakwenda kwenye asilimia 2.2 hivi. Kwa hiyo gramu 150 za arabika tupu zina miligramu 1,800 za kafeini, na za robusta tupu zina 3,300. Kafeini inayeyuka vizuri mno kwenye maji ya moto, na kahawa ya babu inatokota makaani, basi chukulia karibu yote imeingia majini. Lita tatu ni vikombe 50 vya mililita 60. Ukigawa, kikombe kimoja ni miligramu 36 kikiwa cha arabika, 66 kikiwa cha robusta. Mchanganyiko wa babu nauweka kwenye 55. Vikombe vyangu sita ni 330.

Ili mjue 330 ni nini: kopo la Red Bull la mililita 250 lina 80. Yaani kila usiku nilikuwa nakunywa kopo nne za Red Bull na kashata juu, halafu namlaumu jirani. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya hana wasiwasi akibaki ndani ya miligramu 400 kwa siku na 200 kwa mkupuo mmoja. Mimi 330 nilikuwa nazimaliza ndani ya saa mbili, na asubuhi nilishapiga chai ya rangi vikombe viwili.

Na haitoki haraka kama bia. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa kama saa tano. Wapo wa saa tatu, wapo wa saa saba. Nikiaga barazani saa tatu nikiwa na 330, saa nane usiku bado nina 165. Red Bull mbili zimelala na mimi kitanda kimoja. Kule Detroit, Marekani, watafiti waliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, wakachapisha matokeo mwaka 2013: usingizi ulipungua zaidi ya saa nzima. Saa SITA kabla. Mimi nilikuwa naipa saa moja na nusu.

Inavyofanya kazi nimeielewa kwa daladala. Tangu unapoamka, ubongo unakusanya kitu kinaitwa adenosini. Hao ndio abiria wa usingizi: kadiri wanavyokaa vitini ndivyo unavyochoka. Kafeini ina umbo linalofanana nao, inapanda kabla yao na kukalia viti. Haimwambii dereva aongeze mwendo, na nguvu haijakupa hata chembe. Imekalia viti tu. Abiria halisi wako kituoni, na wanaongezeka. Kafeini ikishuka, wanapanda wote kwa mpigo. Ile saa tisa alasiri ofisini, unapohisi umepigwa rungu baada ya kahawa ya asubuhi, ndio hao.

Kilichonipotosha siku zote ni ulimi. Nilikuwa napima ukali wa kahawa kwa uchungu. Kumbe kafeini inachangia sehemu ndogo tu ya ule uchungu, uliobaki unatokana na kukaanga. Ukikaanga buni mpaka ikawa nyeusi kama mkaa, uchungu unapanda, kafeini iko palepale. Na ukiweka sukari na maziwa unaficha uchungu, kafeini hujaigusa. Kwa hiyo yule anayejiona mpole kwa kikombe kikubwa cha kahawa ya dukani, ile ya kuyeyuka, vijiko viwili, maziwa mengi, anaweza kuwa amebeba 120 kwa mara moja huku akimshangaa anayekunywa chungu.

Moja la kuchekesha kabla sijaondoka. Kafeini iligunduliwa kwa sababu ya paka. Mwaka 1819 kijana wa Kijerumani, Runge, alimwonyesha mshairi Goethe jinsi tone la dawa ya mmea linavyotanua mboni ya jicho la paka. Goethe alipendezwa, akampa buni kidogo akachunguze ndani yake kuna nini. Kijana akaitoa kafeini. Goethe mwenyewe, wanasema, alikuwa mpenzi wa kahawa na usingizi unamsumbua. Kwa hiyo mimi na Goethe ni ndugu.

Karibuni, na mwenye nondo azishushe.

Konda Mstaafu

Nimekaa siti ya dirishani. Huo mfano wa daladala nimeuelewa kuliko daktari wangu.

Binti Kisauni

Mleta uzi, hilo birika lako sisi huku twaliita dele, kahawa yenyewe ni tungu, na hesabu yako ina tundu.

Dele hukaa juu ya makaa tangu magharibi. Maji yavukiza, kafeini haivukizi. Babangu ameuza kahawa Mji wa Kale miaka na miaka, na wateja wake wa usiku walikuwa wakijua wenyewe, mtu akiinuka asema "leo nimekunywa ya chini, silali." Kikombe cha saa moja na kikombe cha saa tatu havilingani hata kidogo, na wewe wasema waaga saa tatu na ushee. Piga hesabu upya.

Na jengine, iliki na tangawizi hazina kafeini. Kila mtu akikosa usingizi husema "leo alizidisha tangawizi." Tangawizi haina kesi.

Mtaa wa Pili

Binti Kisauni, umenikamata. Nimerudia: ikibaki lita moja birikani na makaa yakala mililita 300, kikombe changu cha 55 kinakuwa 79 hivi. Vile viwili vya mwisho peke yake ni 158. Sikujua kama kuna "ya chini".

Mwana wa Kanyigo

Ahsante kwa kututaja, ila hapo kwenye "ya Bukoba kwa sababu ya bei" umepita haraka kama vile tunauza makapi.

Robusta kwetu haikuletwa na mtu. Ilikuwapo kati ya migomba kabla ya Mjerumani kufika. Mgeni ni arabika: kule Kilimanjaro ilipandwa na mapadre wa Kilema mwishoni mwa miaka ya 1890. Halafu kichekesho chenyewe, arabika ni mtoto wa robusta. Wataalamu wa chembe za urithi wameshalimaliza hilo: zamani sana robusta ilikutana porini na mbuni wa aina nyingine, eujenioidesi, ambao kafeini yake ni kidogo sana, akazaliwa arabika. Huyu mtoto amechukua upole wa upande wa pili ndiyo maana ana kafeini nusu ya mzazi. Sasa mtoto anauzwa bei juu, mzazi anaitwa rahisi.

Na kafeini hiyo nyingi ina kazi. Ni sumu ya wadudu. Mbuni unaoota chini kwenye joto una maadui wengi kuliko ule ulioko baridini mlimani, kwa hiyo umejihami.

Sisi kahawa tuliitafuna kabla ya kuinywa. Buni inachumwa ingali ya kijani, inachemshwa na majani yenye harufu, inakaushwa. Ndiyo akamwani. Mgeni akifika anapewa kwanza, shida yake inaulizwa baadaye. Bibi yangu alikuwa na kikapu kidogo cha kusuka chenye mfuniko, hakikosi akamwani, na ole wako ukifunue kabla mgeni hajaonja. Watu wakichanjiana undugu, omukago, walipasua tunda moja lenye mbegu mbili, kila mmoja akapaka mbegu damu yake, akammezesha mwenzake. Waganda nao wana jambo hilo hilo. Mbegu mbili ndani ya ganda moja, mnaelewa maana yake.

Ukitaka kujua kwa nini bei iko chini, uliza habari ya butura. Mkulima anauza kahawa ingali maua mtini kwa sababu ada ya mtoto imefika. Imekatazwa miaka nenda rudi na bado ipo. Hilo lingetosha uzi wake.

Lori la Tunduma

Hiyo akamwani ninayo kwenye droo ya lori sasa hivi. Natafuna tangu Morogoro.

Nawapa moja ya barabarani. Usingizi ukinishika kabla ya Kitonga, siendi nao. Naegesha, nakunywa kahawa kikombe kizima haraka haraka, halafu NALALA. Namwambia utingo aniamshe baada ya dakika 20. Wenzangu walikuwa wananicheka, unakunywa kahawa ulale? Lakini kafeini inachukua muda kuingia kwenye damu. Unapoamka ndiyo inafika, na ule usingizi mfupi umeshakupunguzia abiria wa mleta uzi kule kituoni. Nilikuja kusoma kwamba kuna chuo Uingereza, Loughborough, walilijaribu hilo kwa madereva miaka ya 1990 wakakuta kahawa pamoja na usingizi mfupi vinasaidia kuliko kimojawapo peke yake. Mimi walinifundisha wazee wa Chalinze.

Zikipita dakika 30 usimlaumu mtu, utaamka mzito kuliko ulivyolala.

Mzee wa Hoja

Mkuu, na kuhusu heshima ya ndoa inakuwaje? Huku mtaani wanasema mengi.

Mtaa wa Pili

Mzee, hilo lifungulie uzi wake. Hapa tunatafuta usingizi.

Sista Zamu ya Usiku

Nimesoma wote nikiwa wodini na kikombe mkononi, kwa hiyo sihukumu mtu. Mimi ni muuguzi, nina machache ambayo nayaona kila wiki.

La wajawazito. Zile saa tano za mleta uzi hazimhusu mama mwenye mimba kubwa. Mwili wake unaiachia kafeini polepole sana, nusu kuondoka inaweza kufika hata saa 15. Maana yake kikombe cha asubuhi bado kipo jioni, na cha jioni kinakutana nacho. Kafeini inapita kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, na ini la mtoto haliwezi kuivunja. Kiwango kinachoshauriwa ni kisichozidi 200 kwa siku. Kwa vikombe vya huyo babu ni vitatu na nusu hivi, na hapo hujahesabu chai wala soda ya kola. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinarefusha, karibu mara mbili. Dada ukianza vidonge ukaona kahawa ile ile imeanza kukurusha roho, hujarogwa.

Kwa mvutaji wa sigara ni kinyume. Moshi unaliamsha ini, kafeini inaondoka kwa karibu nusu ya muda. Ndiyo maana kijiweni kuna yule jamaa anayevuta, anakunywa vikombe kumi na analala fofofo, halafu anawacheka wengine. Tatizo ni siku akiacha sigara. Kahawa ile ile, vikombe vile vile, inampanda kichwani, mikono inatetemeka, anasema ni hamu ya sigara. Namwambia apunguze kahawa wiki hiyo hiyo.

Dawa. Soma nyuma ya pakiti. Panadol Extra ile nyekundu, tofauti na ya kawaida, ina kafeini miligramu 65 kwa kidonge. Mtu anameza viwili saa nne usiku kichwa kimuachie alale. Amekunywa 130. Kichwa kimeachia, yeye anahesabu mabati.

Na hili la mwisho nalisema kwa uchungu kwa sababu ya watoto na akina mama wenye damu pungufu: chai na chakula. Chai na kahawa vinashika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Kuna jaribio la mwaka 1983, watu walikula mlo wa nyama na mkate. Kahawa pamoja na mlo ilipunguza uchukuaji wa chuma kwa asilimia 39, chai kwa asilimia 64. Kahawa ikinywewa saa moja KABLA ya kula haikudhuru kitu. Ikinywewa saa moja BAADA ya kula ilidhuru sawasawa na iliyonywewa na chakula. Sasa angalia sahani zetu: maharage, mchicha, na kikombe cha chai ya rangi pembeni. Tunampa mama vidonge vya kuongeza damu, anavimeza na chai.

Presha ya Kupanda

Sista, mimi nimeambiwa nina mafuta mengi kwenye damu. Kahawa niache?

Sista Zamu ya Usiku

Fuata daktari wako aliyekupima. Ila mwambie unakunywa ya kuchemsha isiyochujwa, maana si sawa na ya chujio. Kahawa ina mafuta yake, kafestoli na kahweoli (hilo la pili limepewa jina kutoka kwenye neno kahwa lenyewe), yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya. Chujio la karatasi linayazuia. Birika la kijiweni haliyazuii. Chujio la chuma la chai nalo haliyazuii, msidanganyane.

Kirinyaga Damu

Mambo ni moto hapa. Niongeze ya huku kwetu Kenya. Watu huniuliza kila saa, "hiyo AA ndiyo kali?" Hapana. AA ni chekeche. Kahawa ikishakobolewa hupitishwa kwenye chekeche zenye matundu ya ukubwa tofauti, mbegu kubwa za kama milimita saba ndizo AA, zinazofuata ni AB. PB ni lile tunda lililozaa mbegu moja ya mviringo badala ya mbili bapa. Yaani huyo ndugu wa Kanyigo hangeweza kufanya undugu na PB, mbegu haitoshi watu wawili.

Ukubwa na kafeini havijuani. Ukitaka kafeini uliza ni robusta ama arabika, basi.

Na ile tunayoita mbuni, tunda lililokaushwa na ganda lake bila kumenywa, ndiyo huuzwa bei ya chini kabisa. Babu yangu alilima kahawa maisha yake yote na kila asubuhi alikunywa chai.

Mangi wa Marangu

Kwanza mimi si Mangi wa mizani.

Pili, umeniwahi ndugu wa Kirinyaga. Kwetu ni hivyo hivyo: kihamba, shamba la nyumbani, kina mibuni chini ya migomba tangu babu, ndani kuna chai na mbege. Wahabeshi wanakunywa karibu nusu ya kahawa yao wenyewe. Sisi yetu karibu yote inapanda meli. Na huko inakokwenda ina mambo: Japani arabika ya Tanzania inauzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama imevunwa Mbinga. Mmatengo analima, Mchagga anasifiwa. Sijalalamika.

Tatu, mnazungumzia kafeini, hamjagusa moto. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 liliisafisha kahawa yenyewe, iliyokuwa inashukiwa tangu 1991. Lililoiwekea alama ni joto: kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa juu ya nyuzi 65 kinaingia kwenye vinavyoweza kuleta saratani ya umio, ile njia ya chakula. Na watafiti walikuja kupima chai ya maziwa huku Kilimanjaro, wakakuta watu wanaanza kunywa ikiwa kwenye nyuzi 70 hivi. Mama yangu chai isiyounguza ulimi anairudisha jikoni, anasema imelala.

Mwarabu wa Tanga

Nipo Muscat mwaka wa tisa, nawasoma kwa raha.

Kahawa ya huku ingewachanganya. Inakaangwa kidogo tu, inatoka rangi ya dhahabu kama chai nyepesi, iliki tele, na tende pembeni. Mgeni kutoka nyumbani akiiona anasema "hii maji", anapiga finjani saba. Usiku ananipigia simu. Buni iliyokaangwa kidogo ina kafeini yake yote, ni yale yale ya mleta uzi kuhusu ulimi, ila huku linadanganya jicho. Na mwenye nyumba hataacha kujaza mpaka ulitikise finjani kushoto kulia ukimrudishia. Ukiliweka tu chini, anajaza. Mimi wiki ya kwanza sikuambiwa hilo.

Nilikuwa nasubiri mtu ataje Ramadhani, naona hakuna. Kile kichwa cha siku ya kwanza ya kufunga, watu wanasema njaa, wanasema jua. Ni kahawa. Kafeini inabana mishipa ya damu kichwani. Ukiikata ghafla mishipa inatanuka, kichwa kinagonga. Huanza saa 12 mpaka 24 baada ya kikombe cha mwisho, siku ya pili ndiyo kilele, na kwa wengine hufika siku tisa. Mimi siku hizi mwezi wa Shaabani ukifika katikati napunguza finjani moja kila siku mbili. Ramadhani naingia kichwa chepesi.

Mtaa wa Pili

Wakuu, mrejesho, wiki mbili baadaye.

Kahawa nimeihamishia baada ya Alasiri. Vikombe vitatu, mwisho saa kumi na moja jioni, kabla birika halijafika "ya chini". Siku tatu za kwanza kichwa kiligonga kama alivyosema ndugu wa Muscat, nikaenda duka la dawa, nikageuza pakiti kusoma nyuma, nikarudisha ile nyekundu nikachukua ya kawaida. Mwenye duka akaniangalia sana. Usiku bado naenda barazani, nakunywa tangawizi tupu. Nacheza bao vibaya kidogo, nalala saa tano.

Kopo nimemrudishia babu juzi. Nikamsomea hesabu yote, 330, saa nane usiku, Red Bull mbili kitandani. Alisikiliza mpaka mwisho akigeuza makaa. Halafu akasema yeye tangu ujana hajawahi kunywa kahawa yake baada ya Alasiri. Nikamwambia, babu, miaka yote hii unanijazia, mbona hukuniambia? Akasema, "Ulikuwa unaniuliza habari za Simba."

Konda Mstaafu

Na jirani wa spika umeshamwomba radhi?

Mtaa wa Pili

Bado. Spika zipo, mkuu, kila Ijumaa na Jumamosi. Ila sasa nazisikia kwa mbali, kama za harusi ya mtaa wa tatu.